Mkono wa Mkwe

1

Siku ya nne tangu mkwe wangu alazwe, nilianza kufunika vitu.

Nilianza na sufuria, jambo lisilomshangaza mtu. Nikafunika ndoo. Nikafunika sahani ya maandazi wakati bado natafuna. Redio ya jirani ilikuwa dirishani ikiimba. Nikavua mtandio wangu nikaifunika, naye jirani akaniuliza kama redio imefiwa. Nilicheka nikapita. Asubuhi hiyo hiyo kwenye foleni ya mkate niliivuta sketi yangu chini mara nyingi mpaka mama mmoja nyuma yangu akachoka. "Dada, inatosha sasa," aliniambia. "Imefika."

Uliokuwa ukifanya hayo ni mkono wangu wa kulia, ule wa bangili ya kazini. Mimi nilikuwa naufuata tu, kama mtu anayevutwa na ng'ombe wake mwenyewe kuingia shamba la watu.

Naitwa Nakiete Mrutu, Mpare wa Usangi, na watani wangu husema Mpare atalala njaa lakini kesi haachi. Ni kweli, na sioni aibu. Niliolewa na Mnyakyusa nikaletwa Tukuyu, mji ambao mvua hainyeshi bali imehamia, nikawa muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Kwa wauguzi wa siku hizi, mkono kujifanyia mambo yake si ajabu. Tunauita mwangwi. Mimi mwenyewe nimewahi kung'oa vifungo vyote vya blauzi yangu nikiwa mezani, na siku nyingine nikang'oa mchicha wa jirani tuta zima. Kung'oa nimekuzoea. Kufunika kulikuwa kugeni kwangu.

Saa moja na nusu niliingia wodini, nikachukua bangili yangu kwenye sanduku la chaji, nikaivaa. Hapo hapo kitanda namba sita kikaniita.

Kwa ambaye hajalazwa miaka ya karibuni: bangili hizi huja mbili mbili, pacha. Moja huvaa mgonjwa aliyewekewa mpira, uwe wa mkojo, wa shingoni au wa kifuani. Ya pili huvaa muuguzi. Mgonjwa anayezinduka kwenye dawa ya usingizi hajui mpira ni wa kazi gani. Anajua tu kuna kitu kinamkera, na mkono unataka kukitoa. Zamani tulikuwa tunawafunga mikono kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Nimeifanya kazi hiyo nikiwa mwanafunzi, na kuna mzee mmoja alinisihi nimfungue nikapita kama sikumsikia. Kwa hiyo bangili zilipokuja nilimshukuru Mungu. Bangili husoma amri inayoshuka kwenye mishipa ya fahamu kabla mkono haujanyanyuka. Ikiona mkono unaelekea ulipo mpira, huutia ganzi, na ile hamu ya mgonjwa huirusha kwenye mkono wa muuguzi ili aende akaangalie kinachomkera: labda plasta imekaza, labda mpira umejikunja, labda mfuko umejaa. Hamu hiyo ndiyo hubaki mkononi mwetu saa kadhaa hata tukishavua bangili, tukaenda nayo nyumbani.

Kwa miezi kumi na minne wodi yetu haikuwa na mgonjwa aliyeng'oa mpira, isipokuwa mmoja ambaye alikuwa bado hajavishwa bangili. Huyo mmoja ndiye mkwe wangu, baba wa mume wangu, Mzee Ambokile Mwaipaja, fundi cherehani, miaka sabini na minne.

Alipasuliwa tezi dume Jumatatu. Mpira wa wagonjwa wa namna hiyo una puto dogo ndani ya kibofu, lililojazwa maji ili usichomoke. Ukiuvuta wakati puto limejaa, unaichana njia nzima ya mkojo. Jumanne asubuhi alivuta. Nilikuwepo. Damu ilifika sakafuni kabla sijapiga kelele, na tulimwongezea chupa mbili. Daktari alimwekea mpira mwingine kwa mikono yake, akaubandika vizuri kwenye paja, akaniambia kwamba mzee huyu akivuta tena hatakuwa na damu ya kumwaga.

Basi nilikwenda kitanda namba sita, nikavuta pazia.

Mkwe wangu alifumbua macho, akaniona, akageuzia uso ukutani. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda kutoka ubavuni kuelekea kati ya mapaja. Bangili yake ikalia. Ganzi ikaingia, mkono ukaanguka juu ya godoro ukabaki hapo, vidole wazi. Hamu yake ikanifikia mimi, nami nikajikuta nimeshika ncha ya koti langu nalivuta kifuani bila kujua navuta kwa sababu gani.

Mzee aliitazama stendi ya dripu.

"Wewe chuma," alisema kwa sauti ndogo iliyokauka. "Mwambie huyo atoke. Sina nguo."

"Umesikia hayo?" Dokta Shekiondo alikuwa ameingia nyuma yangu na kishikwambi chake kwapani. Ni daktari mzuri, Msambaa asiye na maneno mengi, mwenye macho ya mtu asiyelala. "Siku ya tatu sasa anaongea na stendi."

"Amevaa gauni la hospitali, daktari."

"Ndiyo maana. Mtu kavaa, anasema hajavaa, tena anakiambia chuma. Andika, Sista: amechanganyikiwa baada ya upasuaji."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, na niliandika vizuri.

Daktari alinionyesha kishikwambi. Mfumo wa bangili ulikuwa umehesabu majaribio ishirini ya kuvuta mpira tangu Jumanne. Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu: *Daraja la tatu, saa kumi jioni.*

Daraja la kwanza ni ganzi ya dakika. Daraja la pili ni ganzi ya saa nzima. Daraja la tatu tunaliita kufunga. Mishipa ya mkono hufungwa mpaka siku mpira utakapotolewa, na kwa mkwe wangu hizo ni wiki tatu. Watengenezaji wanasema mkono hurudi. Mimi nimehudumia watu kumi na mmoja waliofungwa, na wanne kati yao hadi leo hawawezi kushika kijiko.

"Huyu ni fundi cherehani," nilisema.

"Najua. Ndiyo maana nimesubiri siku nzima zaidi ya kanuni." Alijikuna kidevu. "Mwanawe ameshakubali. Saa nane naingia chumba cha upasuaji, sitatoka mapema. Mfumo utafunga wenyewe. Wewe kaa karibu tu, umtulize."

Nimtulize. Mtu ambaye kwa miaka sita hajawahi kunitazama usoni.

2

Sitaki mtu anidhanie mwema kuliko nilivyo. Niliyajua majaribio yale ishirini kabla ya daktari, na nilijua kitu ambacho yeye hakukitilia maanani: yote ishirini yalitokea zamu yangu. Zamu ya Ipyana, muuguzi mwenzangu, mwanamume, hakuna hata moja. Daktari alisema wagonjwa wengine huchanganyikiwa zaidi mchana. Mimi nilisema moyoni kwamba mzee ananichukia, kwa sababu ushahidi nilikuwa nao.

Siku ya harusi yetu alitazama dari. Nikienda kumsalimia, yeye hutoka kwa mlango wa nyuma. Nikipika, chakula hupelekwa chumba kingine. Mume wangu Gwakisa alinieleza mapema kwamba kwao mkwe na mkamwana huheshimiana kwa kuepukana, kwamba ni mila ya wazee na vijana wameshaiacha. Nilimsikia, lakini sikumwamini. Kwetu ukimheshimu mtu unamsogelea, unampigia goti, unamshika mikono. Heshima inayotoka mbio kwa mlango wa nyuma niliiona ni kisingizio cha mzee ambaye hakutaka Mpare.

Nilimpigia Gwakisa simu nikiwa nimesimama stoo ya mashuka. Yeye ni dereva wa malori, siku hiyo alikuwa Tunduma mpakani.

"Umesaini?" nilimuuliza.

"Nimesaini. Waliniletea kwenye simu, nikaweka gumba."

"Bila kuniuliza mimi ambaye niko hapa?"

"Nakiete, wamesema bila hivyo atajiua kwa mkono wake mwenyewe. Ningekuuliza nini?"

"Ni mkono wa kulia, Gwakisa."

"Najua ni wa kulia!" Nikasikia honi za malori. "Hii suruali niliyovaa ameikata kwa mkono huo, bila chaki. Unafikiri sijui? Lakini baba akiwa hai bila mkono nitamlisha. Akiwa na mkono wake kaburini utamsaidia nini?"

Hapo hata mimi Mpare sikuwa na hoja. Nilijikuta nachukua shuka kwenye rafu na kufunika rundo la mashuka mengine.

"Nikikuambia kwamba nafunika vitu, utanielewa?"

"Unafunika vitu gani?"

"Vyote."

"Mke wangu, umechoka. Omba ruhusa ulale kidogo."

"Baba yako ananichukia?"

"Mungu wangu, hilo tena leo? Hakuchukii, nimekueleza mara ngapi? Ngoja, foleni inasogea, nitakupigia."

Hakunipigia. Nilibaki pale stoo nimeshika simu, na kusema kweli sikujua nifanye nini. Nilijaribu kupanga mambo kama anavyopanga wakili. Mgonjwa amechanganyikiwa, au mimi ndiye niliyechanganyikiwa? Mkono unaotaka kufunika ni wangu, au ni wa mtu mwingine? Kila nilipofika mwisho wa swali moja, nilikuta nimerudi mwanzo wa lingine.

3

Tumpe alifika saa saba na uji. Yeye ni mdogo wake Gwakisa, mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi kupita kiasi hata mahali pasipofaa. Kwa kuwa baba yake hataki binti zake wamwone kitandani, alikuwa akikaa kwenye benchi la korido na kumpa uji mhudumu wa kiume aupeleke ndani.

Nilikaa pembeni yake. Kabla sijasema neno, mkono wangu ulichukua mfuniko wa chupa ya uji ukaufunga vizuri. Kisha ukavua koti langu ukamtandikia Tumpe magotini, ukalichomeka huku na huku asionekane hata ndala.

Tumpe aliangua kicheko. "Wifi! Mbona unanifunika kama baba?"

"Kama baba vipi?"

"Hujui? Hivyo hivyo, kuchomeka kila upande. Mara moja mke wa marehemu kaka alipita karibu na bafu la makuti baba akiwa anaoga. Hakuona chochote, masikini, alikuwa anapita tu. Baba alisikia nyayo, akaruka ukuta wa nyuma, akaingia kwenye lile kapu kubwa la vipande vya vitambaa pale kazini kwake. Akajifunika. Saa sita mchana! Alikaa humo hadi jua linazama, mama anampelekea ugali kapuni."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka.

"Yaani aliona aibu?"

"Aibu? Wifi, nyie huko kwenu vipi? Mkamwana akimwona mkwe utupu, kwa wazee wetu hiyo siyo aibu ya kupita. Anaona ni afadhali afe. Halafu aibu yenyewe siyo yake tu, anaona kakuvunjia heshima wewe. Kaka hakukwambia?"

"Aliniambia mnaepukana. Hakuniambia kuhusu kapu."

"Hata kuongea na wewe hawezi. Akiwa na jambo lake na wewe, anaiambia cherehani."

Niligeuka nikamtazama. "Anaiambia nini?"

"Cherehani. Au mlango, au chochote kilicho karibu. 'Cherehani, mwambie mke wa Gwakisa chai yake ya tangawizi ilikuwa nzuri.' 'Cherehani, mwambie barabara ya Kyimo ina utelezi, apite juu.' Mimi nikiwepo ndiye niliyetakiwa nikuletee."

"Hujawahi kuniletea salamu hata moja."

Tumpe aliacha kucheka. Aliangalia vidole vyake. "Zilikuwa nyingi mno, wifi. Nikadhani kaka anakwambia."

Nakumbuka kichwa kilikuwa kinazunguka kama cha mtu aliyeamshwa ghafla na kuambiwa hii siyo nyumba yake. *Wewe chuma, mwambie huyo atoke. Sina nguo.* Niliyaandika maneno yale kwa mwandiko mzuri kuwa ni wazimu.

Kisha Jumanne ikanirudia yote, nami nikaona mahali nilipokuwa nimeukataa ukweli tangu siku hiyo.

Tangu bangili zije, tulizembea. Mpira wa mkojo unatakiwa kubandikwa kwenye paja kwa plasta, ukiachiwa nafasi kidogo ili mgonjwa akijigeuza usivutike. Lakini plasta inachukua muda, na bangili ilikuwa inalinda. Basi tukawa tunaubana mpira kwenye shuka kwa pini, tunaendelea na kitanda kingine. Wodi nzima tulifanya hivyo. Jumatatu jioni, kabla sijaondoka, niliubana mpira wa mkwe wangu kwenye shuka kwa pini, kwa mazoea, ingawa yeye alikuwa bado hajavishwa bangili, kwa mkono huu huu.

Jumanne asubuhi nililifunua shuka lile nikague kidonda. Alizinduka, akaniona nimesimama juu yake amefunuliwa. Nikamwambia msemo wetu wa wodini tunaowatania nao wazee wenye haya: "Mzee, mficha uchi hazai." Mkono wake ulikurupuka ukashika shuka, ukalivuta hadi kifuani kwa nguvu zake zote, na shuka likaenda na pini, na pini ikaenda na mpira.

Hakuwahi kuugusa mpira. Kwenye faili niliandika: *mgonjwa amevuta mpira*.

4

Sasa mtu atasema mambo yalikuwa yamenyooka. Hayakuwa.

Ilikuwa saa tisa na robo. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na simu yake imezimwa. Ipyana hafiki kabla ya saa kumi na mbili. Mfumo hausikilizi habari za kapu na cherehani. Unajua mkono unakwenda wapi, haujui unakwenda kufanya nini, na mahali ni pale pale. Njia pekee ya kuzuia kufunga ilikuwa kuzifungua bangili zote mbili kabla ya saa kumi. Muuguzi ana ruhusa hiyo, mradi aeleze sababu na asitoke karibu na mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hatakuwa na kinga yoyote.

Na kama nimekosea? Nilikuwa na sababu gani ya kuamini? Hadithi ya wifi mcheshi na mkono wangu unaofunika redio. Hisia za muuguzi si ushahidi, tunafundishwa hivyo siku ya kwanza ya mafunzo ya bangili. Zaidi ya hayo, nilijijua. Kwa miaka sita nilikuwa nimetaka mtu aniambie kwamba mzee yule hanichukii. Mtu mwenye kiu hivyo akiletewa kikombe haulizi kina nini ndani. Wazee wa umri ule huchanganyikiwa kweli baada ya dawa ya usingizi, nimewaona wakiita wake zao waliokufa zamani. Ikiwa ndivyo alivyo, nitafungua bangili, atauvuta mpira, atamwaga damu, na Gwakisa atafika kutoka Tunduma kukuta baba yake ameuawa na mke wake kwa kutaka kupendwa.

Nikiiacha bangili, atabaki hai. Atabaki na mkono ambao huenda usishike mkasi tena, kwa kosa la kunistahi.

Nilizunguka wodi nzima nikipima joto la watu ambao nilikuwa nimeshawapima. Mgonjwa wa kitanda namba tano aliniuliza, "Nesi, kwani leo nina homa ngapi? Hii ya tatu." Nilimfunika blanketi nikaondoka.

Saa tisa na dakika thelathini na tano nilisimama nje ya pazia la kitanda namba sita. Sikuingia. Stendi ya dripu ilikuwa imechomoza kichwa juu ya pazia, nami nikaitazama hiyo. Nilijiona mjinga sana, lakini nilisema.

"Wewe chuma. Mwambie baba mimi ni mke wa Gwakisa. Mwambie nitaingia mara moja, nimeinamisha uso, niufungue mkono wake. Kisha nitageukia ukuta. Sitatazama. Mwambie mpira ule ndio uhai wake, asiuguse."

Nilisubiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Ndani ya pazia hakuna aliyejibu, wala chuma wala mzee.

Niliingia nimeinamisha uso. Mkono wake ulikuwa pale kwenye godoro, bado una ganzi ya mwisho, ngozi ya kidole gumba imekakamaa kwa miaka ya mkasi. Niliweka bangili yangu juu ya yake. Zinatakiwa zigusane mpaka uhesabu kumi. Kishikwambi cha wodi kilichotundikwa ukutani kikauliza kwa ile sauti yake ya upole inayokera: *Eleza sababu ya kufungua.*

Nilijua maneno nitakayosema hayatafutika. Yangekwenda kwa daktari, kwa matroni, kwa kamati ya nidhamu, na pengine nisingerudi kuivaa sare ile.

"Mgonjwa hajawahi kuvuta mpira," nilisema. "Jumanne niliubana kwenye shuka kwa pini. Nikamfunua. Alivuta shuka ajistiri. Mpira nimeung'oa mimi, Nakiete Mrutu, na nikaandika uongo."

Bangili zikalia mlio mmoja mdogo, zikafunguka. Niligeuka, nikatazama ukuta.

Ganzi ya daraja la pili ikikatizwa huisha taratibu, dakika kumi au kumi na tano. Ukuta wa wodi yetu ni wa kijani na una mpasuko unaoanzia kwenye swichi. Niliutazama mpasuko ule. Mkono wangu ulikuwa mtupu; bangili zikifunguliwa pamoja hata mwangwi hukatika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haukutaka kitu. Nilikuwa nimeutegemea bila kujua. Sasa sikuwa na habari yoyote kutoka kwake, na nilichobaki nacho ni masikio.

Niliisikia mvua. Nilimsikia mgonjwa wa tano akikohoa. Nilisikia springi za kitanda, mara moja, kisha kimya. Halafu nikasikia nguo ikisuguana, polepole, na mzee akaguna kama mtu aliyeumia.

Kila kiungo changu cha uuguzi kilitaka kugeuka. Anavuta. Hapana, anajifunika. Kuguna kule ni kwa maumivu ya nini? Nikigeuka na alikuwa anajifunika, nitakuwa nimemfanyia tena yale ya Jumanne. Nisipogeuka na alikuwa anavuta, nasimama hapa nasikiliza mtu akifa. Nilitazama sakafuni karibu na viatu vyangu, nikingoja kuona wekundu. Sijawahi kuomba Mungu hivyo, tena bila maneno, maana sikujua nimwombe nini kwanza.

Mlango wa wodi ulifunguliwa kwa kishindo. Nilizitambua hatua za Dokta Shekiondo; mfumo ulikuwa umemwita hadi chumba cha upasuaji. Pazia lilivutwa. Kisha nikamsikia akiinua mfuko wa mkojo.

"Sista," alisema. "Geuka uone."

"Nisimulie wewe, daktari."

"Wewe ni muuguzi wake. Geuka."

"Mimi ni mkamwana wake," nilisema. "Nakuomba unisimulie. Kuna damu?"

"Sioni damu. Mfuko una mkojo msafi."

"Na mkono uko wapi?"

"Umeshika shuka. Amelivuta hadi kidevuni." Nilimsikia akisogea. "Mzee, niachie kidogo nikague mpira. Mzee? Mimi ni daktari, niachie." Kitanda kililia. "Sista, ana nguvu, haachii hata kidole. Mzee wangu, nataka tu nitazame."

Ndipo mkwe wangu alipoongea. Hakuongea na chuma. Aliongea na daktari, mtu na mtu, kwa sauti dhaifu lakini iliyonyooka kama ya fundi anayempangia mteja siku ya kuja kuchukua suti.

"Utatazama, daktari. Ngoja kwanza mke wa mwanangu atoke."

Niliweka kiganja ukutani, nikaufuata ukuta ule wa kijani hadi mlangoni, nikatoka bila kugeuka, ninalia mbele ya wodi nzima kama mtu aliyefiwa, na sikuwa nimefiwa na mtu.